Uzi: Kuchana magogo ya mwaloni kuwa mataruma ya reli kwenye kiwanda kidogo cha familia

MsumenoMkali (Missouri)

Wakuu, maswali ya mataruma, ile miti inayolazwa chini ya reli, yamejaa kule kwenye uzi wa mashine za mkanda (za kuchana kwa msumeno wa mkanda) mpaka mada ya pale imepotea. Nayahamishia hapa.

Naongelea viwanda vidogo vya Marekani, vile vya baba, wanawe na shemeji mmoja, vilivyotapakaa kuanzia Missouri na Arkansas hadi Kentucky, Tennessee na Pennsylvania. Reli za huku bado zinalala juu ya miti. Sehemu kubwa kabisa ya mataruma ni mbao iliyotiwa kreosoti (dawa ya lami ya kuzuia kuoza), na maili moja ya njia kuu inakula mataruma kama 3,250 yakipangwa inchi 19.5 kati kwa kati. Soko lipo. Linalowashinda wengi ni kuchana.

Kwanza tuondoe dhana moja: taruma siyo mbao bora ya gogo. Ni ile sehemu ya katikati yenye moyo wa mti na vifundo, ambayo ukiichana mbao nyembamba inapasuka, inajikunja na ina macho kila futi. Mbao ya pesa iko nje, karibu na gome. Kwa hiyo gogo unalivua koti kwa mbao za inchi 1, ubora ukianza kushuka unasimama, na kinachobaki mezani ndicho taruma. Anayeelewa hilo anapata faida mara mbili kwenye gogo moja. Anayekimbilia taruma tangu mwanzo huku mbao safi zinaondoka na mabanzi, yaani vipande vya nje vyenye gome, anamtafutia kuni mwenye boila.

Vipimo vya njia kuu ni inchi 7 kwa 9, urefu futi 8 na inchi 6. Kampuni nyingine zinataka futi 9. Kuna daraja dogo la inchi 6 kwa 8, na chini kabisa kuna mataruma ya viwandani yanayokwenda kwenye njia za pembeni. Vipimo hivyo ni vya mbao mbichi na ndiyo kima cha chini. Likikauka linaruhusiwa kupungua robo inchi. Likizidi kipimo kwa zaidi ya inchi 1 linakataliwa vilevile, kwa hiyo usidhani ukinenepesha umewafurahisha.

Taruma moja la 7 kwa 9 lina futi za ubao 44.6 (futi moja ya ubao ni futi 1 kwa futi 1, unene inchi 1), na la mwaloni mbichi lina uzito wa kilo 105 hivi. Hilo la uzito likumbuke kabla hujamwambia kijana alibebe begani.

Kijana_wa_Mafinga

Mkuu asante kwa uzi. Naomba kueleweshwa kitu kimoja: gogo liwe na unene gani? Huku kwetu gogo la inchi 10 tunaliita kubwa.

MsumenoMkali

Chukua kona mpaka kona ya taruma. 7 kwa 9, mshazari wake ni inchi 11.4. Hiyo ndiyo kipenyo kinachotakiwa kwenye ncha nyembamba, ndani ya gome, kama unataka kona nne zilizojaa. Kanuni inavumilia kona pungufu kidogo, kwa hiyo gogo la inchi 11 lililonyooka sawasawa linaweza kupita, ila hapo huna nafasi ya kukosea na hupati mbao za pembeni za maana. Inchi 12 ni salama. Inchi 13 hadi 15 ndipo kazi inapolipa: taruma moja na mbao kadhaa safi. Inchi 10 hautoki nalo taruma la 7 kwa 9 hata ukilisomea dua. Mshazari wa 6 kwa 8 ni inchi 10 kamili, kwa hiyo labda hilo.

Kukata urefu msituni nako kuna mambo. Ongeza inchi 2 hadi 4 juu ya futi 8 na nusu. Mtu wa chenso akikata mshazari, ncha moja inapungua, na gogo lililokosa inchi moja limekosa taruma zima. Gogo lenye mpindo ulikate pale kwenye mpindo, mpindo uwe ncha badala ya kuwa katikati.

Bint_Mgololo

Tuwekeeni mfano wa gogo moja kwa namba, maana watu wanasema "vua koti" halafu mtu akifika mezani hajui aanzie wapi.

MsumenoMkali

Sawa dada. Gogo la inchi 14 ncha nyembamba, mashine ya mkanda ambayo blade yake inakula sehemu ya kumi ya inchi. Mbao za pembeni tunazichana inchi 1 na moja ya nane ili zikikauka zibaki inchi 1.

Upande wa 9 kwanza. 14 toa 9 inabaki 5, kila upande inchi 2 na nusu. Humo unatoa banzi la inchi 1 na robo na ubao mmoja, na ubao huo uso wake wa nje unakuwa na upana wa inchi 8. Geuza gogo nyuzi 180, fanya vilevile. Usigeuze 90 hapo. Mti una mkazo ndani yake, na ukivua upande mmoja peke yake unajipinda. Ukivua pande zinazotazamana, mikazo inasawazishana.

Sasa una kitu chenye kimo cha inchi 9. Kigeuze 90. Upande huu 14 toa 7 inabaki 7, kila upande inchi 3 na nusu: banzi la inchi 1 tu, kisha mbao mbili. Ya nje inapata upana wa inchi 7 na kidogo, ya ndani inchi 9 kamili. Geuza 180, rudia.

Hesabu: taruma moja na mbao sita, zenye upana wa 8, 8, 7, 7, 9, 9. Kwa urefu wa futi 8 na nusu ni kama futi za ubao 34. Hizo ndizo zinazokulipa gharama za gogo. Taruma linalipa mafuta na watu.

Fundi_Duara

Hiyo ni hesabu ya mkanda. Viwanda vingi vya mataruma huku bado vina msumeno wa duara wa inchi 48 hadi 56, meno ya kubadilisha, injini ya dizeli, na kila pasi inatafuna robo inchi au zaidi. Kwenye gogo hilohilo la 14, upande wa 7 banzi linashuka hadi robo tatu ya inchi na ubao wa nje unabaki na inchi 6 za upana badala ya 7. Kwa siku nzima ni unga mwingi. Lakini duara linachana taruma kwa muda ambao mkanda bado unajipanga, na halitetereki kwenye vifundo vya mwaloni. Mtu anayetoa mataruma pekee achukue duara. Anayetafuta mbao na taruma liwe la ziada, mkanda.

Duara lina tabu zake. Msumeno lazima uelekee gogo kidogo sana: kanuni ya zamani ni moja ya nane ya inchi katika futi 20 za reli ya toroli linalobeba gogo. Ukizidisha unaingia ndani ya gogo, ukikosa kabisa unatoka nje, na taruma linakuwa nene ncha moja. Ukiona msumeno unayumba baada ya magogo machache, usimame, ushike kwa mkono ukiwa umezimwa kabisa. Ukiwa wa moto ukingoni, meno ni butu au unga unapita pembeni kwenye mwili wa msumeno. Ukiwa wa moto katikati, tazama beringi ya shafti au mwelekeo wake. Wengi wanarukia kuupeleka kwa fundi wa kugonga, anayeunyoosha msumeno kwa nyundo, kumbe meno matatu yamelegea.

MzeeWaReli

Vijana, mimi nitaongelea upande wa anayepokea, maana huko ndiko mataruma yanakofia.

Mpokeaji haangalii taruma lote kwa jicho moja. Anatazama kati ya inchi 20 na inchi 40 kutoka katikati ya taruma, pande zote mbili. Hapo ndipo bamba la reli linapokaa. Reli ya Marekani ina upana wa milimita 1,435, inchi 56 na nusu, kwa hiyo katikati ya reli ipo karibu inchi 30 kutoka katikati ya taruma. Ndani ya eneo hilo kifundo kikizidi theluthi ya upana wa uso, limekataliwa. Shimo lenye upana wa zaidi ya nusu inchi na kina cha zaidi ya inchi 3, limekataliwa. Kona pungufu kwa juu isizidi inchi 1. Nje ya eneo hilo wanavumilia zaidi. Kwa hiyo mchanaji mwenye akili anapolipanga gogo anajiuliza kifundo kikubwa kitaangukia wapi, na ikiwezekana anakisukuma katikati kabisa au nchani kwa kuamua akate wapi zile inchi za ziada.

Kuoza hakukubaliki popote. Ufa wa pete, ule unaofuata mzunguko wa miaka ya mti, usizidi theluthi ya upana. Mpasuko wa nchani kwa taruma bichi usizidi moja ya nane ya inchi kwa upana na inchi 4 kwa urefu. Nyuzi za mbao zisilale zaidi ya 1 kwa 15. Taruma linyooke: kamba ikivutwa ncha hadi ncha, nafasi isizidi inchi 1 na nusu. Juu na chini zilingane, tofauti isizidi nusu inchi. Na gome litoke lote. Gome ni makazi ya wadudu na linazuia dawa, hakuna mjadala hapo.

Kijana_wa_Mafinga

Shikamoo mzee. Je, hizo inchi 20 hadi 40 zinatumika na kwa reli yetu ya zamani?

MzeeWaReli

Marahaba. Hapana, na ni swali zuri. Reli ya kati ya Tanzania ya zamani ni ya mita 1, kwa hiyo katikati ya reli iko kama inchi 21 tu kutoka katikati ya taruma. TAZARA ni milimita 1,067, inakuja kama inchi 22. Ukitumia eneo la Marekani utakuwa unakagua pembeni ya mahali reli inapokaa. Isitoshe, huko mataruma mengi ya reli ya mita ni ya chuma, na SGR ya Tanzania na ya Kenya ni ya zege. Mti unabaki kwenye madaraja na kwenye njia panda za reli, ambako mataruma ni marefu na kila moja lina kipimo chake. Oda zake ni ndogo ila mchanaji akizipata zinalipa kwa kila futi ya ubao kuliko la kawaida.

Bint_Mgololo

Kuna kitu mnakipita. Moyo wa mti uwe wapi? Nimesoma watu wanasema gogo nene litoe mataruma mawili ubavu kwa ubavu.

MsumenoMkali

Hapo tunabishana kila siku.

Msimamo wangu: moyo ubaki ndani, katikati kadiri inavyowezekana. Taruma lenye moyo katikati linakauka likivutana sawa pande zote, kwa hiyo linabaki limenyooka. Litapata nyufa, ndiyo, ila nyembamba nyembamba na zimetawanyika. Moyo ukiwa umekaa karibu na uso mmoja, uso huo unapasuka ufa mmoja mpana unaokimbia hadi ndani. Ndiyo maana wanaotandika reli wanaita juu ule uso ulio mbali na moyo, na wanaulaza moyo chini: ufa ukifunguka usiwe mfereji wa maji ya mvua.

Ili moyo ukae katikati, usilipange gogo kwa gome. Gogo linachongoka. Ncha nene ikiwa 16 na nyembamba 14, inua ncha nyembamba inchi 1. Pima kutoka mezani hadi kwenye moyo ncha zote mbili, namba zilingane, ndipo ufunge. Ukishageuza 90, pima tena. Watu wanapima mara ya kwanza tu halafu wanashangaa.

Fundi_Duara

Mawili kwa gogo moja inawezekana mkuu, usiwatishe watu. Mawili ya 7 ubavu kwa ubavu pamoja na njia ya msumeno ni 14 na robo kwa 9. Mshazari wake ni inchi 16.9, kwa hiyo gogo la 17 linatosha. Unapasua katikati na moyo unaenda na msumeno.

MsumenoMkali

Inawezekana, nakubali. Ila mara tu ukipasua, nusu mbili zinaachana kama ndugu waliogombea shamba, kila moja inapinda kwake. Dawa ni kuacha kila nusu nene kidogo, kuiachia ipinde, kisha kuinyoosha mgongoni ilikopinda kwa pasi ya mwisho. Na gogo la inchi 17 la mwaloni safi lina mbao nyingi za daraja la juu pembeni. Kulitoa mataruma mawili ni kufanya haraka. Nafanya hivyo kwa gogo lenye vifundo kila mahali, ambalo mbao zake zingeishia kwenye pallet.

Kijana_wa_Mafinga

Na mikaratusi? Huku ipo mingi na viwanda vya kutia dawa nguzo za umeme vipo.

Fundi_Duara

Mikaratusi ina mkazo mkubwa kuliko mwaloni. Unaikata, kabla hujaweka chini chenso ncha zimeshapasuka kama nyota. Hapo kanuni ya kuchana pande zinazotazamana siyo ushauri tena, ni lazima. Vua kidogo kila upande, zunguka, vua tena, usimalize upande mmoja. Acha gogo refu zaidi upate kukata mipasuko ya nchani. Na kwa dingdong, ile mashine ndogo ya duara ya huko kwenu, nisikudanganye: inachana, ila inakula mbao nyingi na kushika kipimo cha robo inchi urefu wote wa futi 8 na nusu ni kazi kama haijafungwa kwenye msingi imara.

Bint_Mgololo

Naongeza la chuma ndani ya gogo. Miti ya mipakani mwa mashamba huku Marekani imejaa misumari na waya wa seng'enge uliomezwa miaka mingi. Kwa mwaloni una bahati: tanini yake ikikutana na chuma inatoa rangi ya bluu nyeusi. Ukiona doa kama wino kwenye ncha ya chini ya gogo, simama. Kata inchi kadhaa uone doa linaelekea wapi, pitisha kifaa cha kutambua chuma. Blade ya mkanda inakufa kwa msumari mmoja. Kwenye duara jino likiruka ni risasi, asisimame mtu kwenye mstari wa msumeno.

MzeeWaReli

Vizuri sana binti. Niongeze aina za miti. Wanunuzi wengi wanatenga mwaloni na hikori fungu moja, miti migumu mingine fungu la pili. Usichanganye, maana kukauka kwao na kunywa dawa kwao si sawa. Mwaloni mwekundu una mishipa wazi: chukua kipande kifupi, tumbukiza ncha moja majini, puliza nyingine, mapovu yanatoka. Kreosoti inapita humohumo. Mwaloni mweupe mishipa yake imezibwa na mti wenyewe. Ndiyo maana unatengenezwa mapipa ya wiski na hayavuji. Kreosoti nayo haingii ndani sana. Kwa hiyo gogo safi la mwaloni mweupe lisiguse msumeno wa mataruma kabla hujampigia simu mnunuzi wa mapipa.

Kijana_wa_Mafinga

Baada ya kuchana, yanakaa kiwandani muda gani?

MsumenoMkali

Muda mfupi iwezekanavyo, siku si wiki, hasa majira ya joto. Usiyalaze moja juu ya jingine bila nafasi na usiyaweke kwenye tope. Joto na unyevu pamoja, ukungu unaanza kwenye mbao ya nje, na kuoza kulikoanza hakuzuiliwi na dawa ya baadaye. Jua kali la moja kwa moja nalo linapasua ncha.

Kule kwenye kiwanda cha dawa ndiko wanakogongelea mabamba yenye meno kwenye ncha kuzuia mpasuko, kisha wanayapanga yapate hewa. Mwaloni unakaa miezi mingi, hadi mwaka, kufuatana na hali ya hewa. Mwenye haraka anayachemsha ndani ya kreosoti huku hewa ikinyonywa, maji yanatoka kwa mvuke, halafu dawa inasukumwa kwa shinikizo. Hiyo siyo kazi ya kiwanda cha familia. Kreosoti inaunguza ngozi, na mabaki ya taruma lililotiwa dawa hayachomwi jikoni wala hayawekwi kwenye kitalu cha mboga.

Fundi_Duara

La mwisho kwa wenye mkanda, maana wamenitumia inbox. Taruma likitoka na mawimbi, yaani nene hapa jembamba pale, usilaumu mti kwanza. Fuata mpangilio huu: blade butu, kisha mkazo wa blade umeshuka ilipopata moto, kisha unaisukuma kuliko uwezo wake, kisha magurudumu ya kuongozea hayajakaa sawa. Kwa mwaloni mkavu au ulioganda kwa baridi tumia meno yenye mlalo mdogo, nyuzi 7 badala ya 10. Na osha tope kwenye gome kabla ya pasi ya kwanza. Gogo lililoburutwa kwenye udongo linamaliza makali kabla hujafika kwenye mbao.

Kijana_wa_Mafinga

Na lori moja linabeba mangapi?

Fundi_Duara

Lori la Marekani kisheria ni pauni 80,000 pamoja na mzigo. Ukitoa uzito wa lori lenyewe, mwaloni mbichi wa 7 kwa 9 yanaingia kama 200, na kitanda bado kinaonekana kina nafasi tele. Nafasi hiyo isikudanganye ukaongeza: uzito unafika kikomo kabla ya nafasi, na kwenye mizani barabarani wanapima uzito.